Moyo wa Kima Uliachwa Mtini

Majuma machache yaliyopita mwalimu mmoja wa shule ya msingi hapa Mombasa alinialika nikazungumze na watoto wake wa Gredi ya 3. Nilipoingia nilikuta ubaoni pameandikwa maneno matatu: wahusika, mandhari, mgogoro. Watoto wakayasoma kwa sauti moja, kama tulivyokuwa tukisoma alifu kwa kijiti chuoni.

Nikamwuliza mmoja, "Mandhari ni nini, mwanangu?"

Akajibu bila kusita, "Ni mahali na wakati wa hadithi."

"Ahsante. Haya, nitolee hadithi."

Akainamisha kichwa. Nikawatazama wenzake, nao wakaangalia chini. Darasa zima hapakuwa na aliyekuwa na hadithi ya kutoa.

Wasomaji wangu, simlaumu mwalimu yule. Yeye amepewa mtaala naye aufuata. Lakini tumewafunza watoto majina ya mapezi na matamvua ya samaki ambaye hawajapata kumwona.

Nikasimama mbele yao nikaita, "Paukwa!" Kimya. Kisha wasichana wawili walioketi nyuma wakaitika, "Pakawa!" Nikajua kuwa nyumbani kwao yupo bibi.

Nikawatolea ngano ya kima na papa. Kima akaa juu ya mkuyu ulioinamia bahari, kila siku amtupia papa makuyu, mpaka wakawa marafiki. Siku moja papa akamwalika kwake, akampakia mgongoni. Walipofika katikati ya maji akamwambia ukweli: sultani wetu ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akasema, "Ungenambia mapema! Sisi mioyo yetu twaiacha mitini. Nirudishe nikautwae." Papa akamrudisha. Kima akaruka juu ya mkuyu, na hakushuka tena.

Ndipo nikawauliza, "Wapi mlishika pumzi?" Wakapiga kelele, "Katikati ya bahari!" Basi, nikawaambia, huo ndio mgogoro. Nikauliza tena, "Na lau mkuyu ungalikuwa mbali na pwani?" Mvulana mmoja akasema, "Papa hangemjua kima, babu." Mwenziwe akaongeza kuwa majini kima hana pa kukimbilia, na mtini papa hamfikii. Mandhari wameyaelewa, wala sikuyaandika ubaoni.

Kisha msichana mmoja wa wale wawili akainua mkono. "Babu, kima amesema uwongo. Si haramu?"

Mwalimu akanitazama. Swali lile nikawarudishia wenzake. Mmoja akasema papa ndiye aliyeanza, kwani alimwalika rafikiye akijua atakufa. Mwingine akasema kima aliiokoa roho yake. Hukumu ya sheria nikawaambia wakamwulize maalimu wao chuoni. Lakini mtoto aliyefika hapo ameshaanza kutafuta funzo la hadithi mwenyewe, bila ya kukaririshwa.

Ngano hii si ya juzi. Askofu Edward Steere aliiandika kule Unguja, ikapigwa chapa London mwaka 1870 katika kitabu chake Swahili Tales. Ndugu yake wa zamani yumo katika Kalila wa Dimna, kitabu alichokifasiri Ibn al-Muqaffa kwa Kiarabu katika karne ya 8, na asili yake ni Bara Hindi. Humo mnyama wa majini ni kobe. Wazee wetu wakamfanya papa, kwani papa ndiye waliyemjua na kumwogopa. Hadithi imevuka bahari, ikavaa kanzu ya kwetu.

Wako wasemao ngano ni uwongo mtupu, zapoteza wakati wa mtoto. Silinganishi ngano na Maneno ya Mwenyezi Mungu, hasha! Lakini Kurani yenyewe imetufunza kwa visa, na Sura Yusuf, yenye aya 111, yatuchukua tangu ndoto ya mtoto mpaka ndoto hiyo ilipotimia. Mwanadamu ameumbwa akiambiwa kisa, husikiliza.

Jioni ile nilirudi nyumbani na maneno mengi ya kuwalaumu wazazi. Nikawakuta wajukuu zangu wameinamia simu. Nikaita, "Paukwa!" Hapakuwa na aliyeitika. Yule mdogo akainua uso akauliza, "Ni nini hiyo, babu?"

Nikaona haya. Ngano nilizopewa na bibi yangu, mwenyewe nilikuwa nimeziacha mtini. Nikaketi mkekani, nikamfunza kwanza kuitika.

Nawe msomaji, usiku wa leo, baada ya Isha, jaribu kuita kwako. Sikiliza kama yuko wa kukuitika.