Miti ya Mufindi na Mbegu za Simu

Mwaka juzi nilisafiri kutoka Unguja hadi Mafinga, na tangu Dar es Salaam nilikwenda kwa basi, nikiwa na mzigo ambao abiria wenzangu hawakuuona. Mzigo huo ulikuwa deni. Miezi michache kabla ya safari, wananchi saba wa mtaa wangu walikuwa wametia fedha zao katika mpango mmoja wa simu, ulioahidi faida ya kila siku bila ya mtu kunyanyua jembe wala kutupa wavu. Walijiunga kwa sababu waliniona mimi, mtu wa Chama, nimejiunga kabla yao. Fedha zilipokwama, wasimamizi wa mpango walituandikia maneno matatu tu: Kuweni na subira.

Ndugu msomaji, neno hilo nilikutana nalo mapema. Chuoni, mbele ya mwalimu na bakora yake, mtoto aliweza kukaa na sura moja fupi kwa wiki nzima hadi ulimi ulainike. Nilidhani kwa hiyo kwamba naifahamu subira. Niliyoyaona Mufindi yalinionyesha kwamba sikuwahi kuiuliza swali la maana: wakati mtu anasubiri, ni kitu gani kinachokua?

Wilaya ya Mufindi, katika Mkoa wa Iringa, ndipo lilipo shamba la Serikali la miti la Sao Hill, ambalo ni kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya kupandwa hapa nchini. Majaribio ya upanzi yalianza huko mwaka 1939. Wanavijiji nao wamefuata, na leo ukipita barabara kuu ya kwenda Mbeya huoni mwisho wa misindano, au paina kama wenyeji wanavyosema, na milingoti.

Mzee mmoja wa huko alinitembeza katika ekari zake mbili. Alinieleza kwamba miche hupandwa kwa nafasi ya mita tatu kwa tatu, kiasi cha miche 450 kwa ekari. Miaka ya mwanzo ni ya palizi, kwani nyasi huushinda mche. Baadaye ni kupogoa matawi ya chini ili mbao isijae vifundo, kisha kupunguza miti dhaifu ili iliyobaki inenepe. Na kila mwaka, kabla ya kiangazi kukaza, hapana budi kufyeka njia za kuzuia moto. Nilimwuliza kama ni kweli kwamba miti humletea mtu pato akiwa amelala. Akacheka.

"Mwanangu," alisema, "mwezi wa Agosti mimi silali."

Moto wa siku moja, alisema, unateketeza kazi ya miaka kumi na miwili. Lakini moto si adui wa pekee. Katika shamba la Serikali msindano uliweza kuachwa hata miaka 25, ilhali mwanakijiji aghalabu hukata mapema mno, wakati mwingine kabla ya miaka kumi, kwa sababu mtoto amepata nafasi ya shule au mama yuko hospitalini. Mnunuzi anajua shida hiyo, na bei anaipanga yeye. Kumwambia mtu huyo asubiri ni rahisi kwa anayelipwa mshahara kila mwisho wa mwezi. Na wapo wenye mishahara, wakiwamo maofisa wenzetu wa mijini, walionunua ardhi vijijini humo, ambao mashamba yao huyaona katika picha za simu tu. Moto ukizuka, anayeuzima ni jirani.

Sasa tuutazame mpango wa namna ya ule ulioniangusha. Haukuwa mgeni nchini. Wengi watakumbuka DECI, ambayo Serikali iliisimamisha mwaka 2009, na ambayo viongozi wake walitiwa hatiani na Mahakama ya Kisutu mwaka 2013. Lugha yake ilikuwa ya mkulima: mtu "alipanda mbegu" na akangoja "kuvuna". Lakini hapakuwa na udongo wala mche. Aliyetangulia alilipwa kwa fedha za aliyefuata. Hesabu yake haihitaji chuo kikuu. Iwapo kila mmoja lazima alete watu watatu, hatua ya kumi inahitaji watu 59,049. Hatua ya kumi na tatu inahitaji watu 1,594,323, na ukiwajumlisha na waliowatangulia umekwisha wapita Wazanzibari wote 1,889,773 waliohesabiwa katika sensa ya mwaka 2022, pamoja na watoto wachanga.

Haina maana kwamba kila pato la mtandaoni ni utapeli. Jijini Mbeya nilikutana na mwalimu wa sekondari anayerekodi masomo ya fizikia na kuyaweka YouTube. Kampuni hiyo haimgawii mtu pato la matangazo mpaka apate wafuasi 1,000 na masomo yake yatazamwe kwa saa 4,000 ndani ya miezi kumi na miwili. Na hata hapo, malipo hayatoki mpaka yafikie dola 100. Mwaka wa kwanza hakupata hata senti. Sasa hupata kitu, zaidi karibu na mitihani ya Novemba, na Desemba pato hushuka. Mtaala mpya ulipoanza kuingizwa mashuleni mwaka 2024, alianza kuyapitia upya masomo yake ya zamani. Hiyo nayo ni palizi.

Sisi wa visiwani tusiyaone haya kuwa ya bara peke yake. Mkarafuu nao hutaka kungojwa miaka sita hadi minane kabla ya kuzaa, na kimbunga cha mwaka 1872 kiliilaza mikarafuu ya Unguja kwa siku moja. Tena tukumbuke kwamba zama hizo walikuwapo kweli watu waliopata pato wakiwa wamelala. Mikarafuu yao ilipandwa, ikapaliliwa na kuchumwa na watumwa. Tangu nitoke Mufindi, kila nikisikia habari za pato lisilo na jasho, huuliza jasho hilo ni la nani.

Kwa ndugu zetu wa Serikali nina ombi. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni zilimtaka mwenye televisheni ya mtandaoni alipe ada ya leseni ya shilingi 1,000,000 kwa mwaka. Ada hiyo ilipunguzwa baadaye, na vema. Lakini mlaghai hakuwahi kuja kuomba leseni yoyote. Alipita mtaa kwa mtaa, na masheha walipata onyo fedha zikiwa zimekwisha ondoka. Onyo hilo litangulie, nalo lisomwe mikutanoni na sisi wenyewe tuliodanganywa, kwani ndio tunaojua jinsi maneno yale yanavyoingia masikioni.

Katika wale saba nimekwisha walipa watatu. Wa nne, mama auzaye urojo, amekataa kabisa kutumiwa kwa simu. Anataka noti mkononi, nami nimemwahidi Ijumaa.