Hofu Inapokaa Upande wa Mgonjwa

Filamu ya taharuki ya kisaikolojia, yaani ile ambayo hatari yake kuu imo ndani ya nafsi ya mhusika, imeishi kwa miaka mingi kwa mtaji wa mwendawazimu mwenye kisu. Psycho, iliyoongozwa na Alfred Hitchcock mwaka 1960, iliusimika mfano huo kwa ustadi mkubwa, ingawa waigaji wake wengi walichukua kisu wakamwacha Norman Bates, kijana mpole na mpweke aliyeigizwa na Anthony Perkins. Hata Hitchcock mwenyewe, hadithi ilipokaribia mwisho, alimwita daktari wa magonjwa ya akili atoe maelezo marefu juu ya Norman, ilhali Norman hayumo chumbani.

Take Shelter, filamu ya Jeff Nichols ya mwaka 2011, inashika njia nyingine. Curtis, mfanyakazi wa uchimbaji huko Ohio, Marekani, aliyeigizwa na Michael Shannon, anaanza kuota dhoruba zenye mvua nzito mithili ya oili ya gari, kisha mchana kweupe anaona na kusikia yale ambayo wenzake hawayaoni wala kuyasikia, hali iitwayo maruweruwe. Mtazamaji anayapata pamoja naye, bila kuonywa. Anapoota kwamba mbwa wake amemng'ata mkono, maumivu yanashinda naye kutwa, naye anamtoa mbwa huyo ndani na kumzungushia uzio nje.

Lenye thamani zaidi ni kwamba Curtis anajishuku mapema. Mama yake aliugua skizofrenia, ugonjwa unaovuruga fikra na uwezo wa kutenganisha lililopo na lisilokuwapo. Kwa hiyo anakwenda kumuuliza ulivyomwanza, anaazima vitabu maktaba, anamwona daktari, na wakati huohuo anakopa benki ili apanue handaki la kujikinga na dhoruba. Mtu mmoja anatafuta tiba huku akiutii ugonjwa, jambo ambalo wanaouguza jamaa zao nyumbani wanalifahamu kuliko waandishi wengi wa sinema. Kinachotisha hapa ni Curtis kufukuzwa kazi na kupoteza bima ya afya, wakati binti yake kiziwi anasubiri upasuaji wa kumwezesha kusikia. Tukio la mwisho, ambalo linaelekea kumpa Curtis haki, linapunguza kidogo ujasiri wa filamu.

Huruma ya namna hii haidai mgonjwa afanywe malaika. Katika Clean, Shaven ya Lodge Kerrigan, iliyotoka mwaka 1993, Peter, mwenye skizofrenia, anaandamwa na kelele za redio na sauti za mkatokato ambazo mtazamaji naye hana budi kuzisikia, huku mpelelezi akimshuku kuwa muuaji wa mtoto. Filamu inampa mtazamaji kila kishawishi cha kumtia hatiani, Peter anapigwa risasi akiwa na binti yake, na hadithi inakwisha bila kuthibitisha kwamba aliwahi kuua.