Malemba-Nkulu: Mwanga hafifu unaoamua safari ya gunia la madini

Gunia la kasiterite au la koltani linalotoka Malemba-Nkulu, jimboni Haut-Lomami, halionyeshi kwa macho kama lina urani au toriamu. Mawe ni meusi na mazito, basi. Lakini mzigo ukifika Lubumbashi na kuelekea mpaka wa Kasumbalesa, kifaa kidogo kikisogezwa karibu na gunia kinaweza kubadilisha hati zake, njia yake na bei yake.

Urani na toriamu hupatikana kwa kiasi kidogo ndani ya madini haya, zaidi katika koltani. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki zinaruhusu madini ya asili kusafirishwa kama mzigo wa kawaida ikiwa vitu hivyo havizidi bekereli 10 kwa kila gramu. Vikizidi, mzigo unahesabiwa kuwa wa mionzi. Hapo zinaanza hati nyingine na gharama nyingine, na kampuni nyingi za meli hazitaki kuupokea. Si vigumu kukisia hasara hiyo inashuka mpaka kwa nani.

Je, kifaa kinaonaje kisichoonekana? Katika vifaa vingi vya aina hii mna jiwe angavu la chumvi iitwayo iodidi ya sodiamu, iliyotiwa thaliamu kidogo. Robert Hofstadter wa Marekani ndiye aliyeonyesha uwezo wake mwaka 1948. Mwale wa gama ukitoka katika gunia na kuligonga jiwe hilo, jiwe linatoa mmweko wa buluu. Mmweko huo ni hafifu mno: mwale wa sesiamu 137, ambao mafundi hutumia kurekebishia vifaa, huzaa takribani chembe 25,000 za mwanga, na zote hupita kwa muda mfupi kuliko sehemu moja ya laki ya sekunde.

Nyuma ya jiwe kuna tyubu ya kioo isiyo na hewa, iitwayo fotomultiplikata. Chembe za mwanga zinapiga utando mwembamba ndani ya kioo na kung'oa elektroni. Kwa wastani chembe nne hung'oa elektroni moja tu. Elektroni hiyo inavutwa na umeme hadi kwenye kibamba cha chuma, inakipiga, na nne zinatoka. Hizo nne zinakwenda kibamba cha pili, zinakuwa 16. Baada ya vibamba kumi, elektroni moja imekuwa zaidi ya milioni, na hapo ndipo pigo la umeme linalopimika linapopatikana.

Ukubwa wa pigo unafuata nguvu ya mwale. Kwa hiyo fundi anaweza kutenganisha urani na toriamu, na hata potasiamu, ambayo imo katika udongo wowote na katika ndizi. Ila tyubu lazima ikae gizani kabisa. Mwanga wa jua ukiingia wakati umeme unapita, inaharibika. Joto nalo linabadilisha ukubwa wa mapigo. Kifaa kilichorekebishwa asubuhi ya baridi kinaweza kusoma vibaya saa saba mchana juani, na hilo kwa Haut-Lomami si jambo dogo. Jibu la bekereli kwa gramu linahitaji sampuli ipimwe uzito na kuhesabiwa kwa utulivu katika maabara.

Kuna jambo jingine ambalo kipimo cha nje ya gunia hakilioni. Urani na toriamu hutoa pia miale ya alfa, ambayo hata karatasi huizuia, seuze gunia. Nje ya mwili haina madhara makubwa. Ikiingia mapafuni pamoja na vumbi, habari inageuka. Watafiti waliopima koltani ya mashariki mwa Kongo waliandika mwaka 2007 kwamba hatari kubwa kwa wachimbaji wa mikono ni vumbi wanalovuta wakati wa kusaga na kuchekecha mawe.

Sheria ya bekereli 10 inahusu mzigo ulio barabarani. Anayeponda mawe na nyundo shimoni, watoto wakiwa kando, hayumo katika hesabu hiyo. Kuyalowesha mawe kabla ya kuyaponda hupunguza vumbi la mionzi, na pia vumbi la kawaida la mawe, linaloharibu mapafu hata pasipo urani.