KUSOMEA USIMAMIZI WA MIRADI KANSANGA: YA KUJUA KABLA YA KULIPA ADA



Vijana wengi waliomaliza sekondari wanatuuliza juu ya digrii ya usimamizi wa miradi, na wengi hutaja Kansanga, kwenye barabara ya Ggaba, Kampala. Hapo ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala (KIU), chuo cha binafsi kilichoanza mwaka 2001. Masomo hutolewa kwa Kiingereza. Uliyesoma kwa Kifaransa, anza kujifunza lugha hiyo leo.

Masomo yenyewe ni nini? Chukua kisima cha pampu. Kabla ya kuchimba lazima mtu ahesabu kaya, awaulize akina mama wanateka wapi na wanapanga foleni saa ngapi, aamue kazi ipi itangulie, kisha aandike bajeti. Kazi ikianza, afuatilie fedha na mafundi. Ikiisha, apime kama maji yanawafikia waliokusudiwa. Halafu kuna swali ambalo miradi mingi hulikwepa: pampu ikivunjika baada ya mfadhili kuondoka, nani atanunua kipuri? Kwa maoni yangu, wewe uliyebeba dumu tupu kurudi nyumbani unalielewa swali hilo kuliko wengi. Lakini usidhani ni kuandika ripoti tu. Hesabu na takwimu zipo.

Digrii huchukua kwa kawaida miaka mitatu. Njia ya kawaida ya kuingia ni kufaulu angalau masomo makuu mawili ya S6 katika mtihani mmoja. Wengine huingia kwa diploma, au kwa mtihani wa watu wazima, ambao ni kwa wenye miaka 25 na zaidi.

Wenye D6 ya Congo, sikilizeni vizuri. Cheti chako lazima kwanza kilinganishwe na Baraza la Mitihani la Uganda (UNEB), na kikiwa kwa Kifaransa kitafsiriwe. Usilipe ada kabla ya kushika barua ya UNEB. Familia ikiuza mavuno ya msimu mzima kulipia muhula wa kwanza, kisha cheti kikakwama, muhula umepotea na chakula kimepotea.

Vilevile Baraza la Taifa la Elimu ya Juu (NCHE) hutoa kibali kwa kila programu peke yake. Chuo kuwa na jina hakutoshi. Uliza kama digrii unayoitaka ina kibali kisichokwisha muda.

Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inakuruhusu kutembea nchini, lakini mgao wa chakula haukufuati Kampala. Hesabu chumba, chakula na nauli pamoja na ada. Mpango wa DAFI, ulioanzishwa na serikali ya Ujerumani pamoja na UNHCR mwaka 1992, umesomesha wakimbizi wengi, ila waombaji huzidi nafasi kwa mbali. Fomu za ufadhili haziuzwi. Anayekuuzia ni tapeli.

Mwenye cheti aje nacho ofisi ya huduma za jamii, pamoja na nakala mbili na kadi yake ya mkimbizi. Aliyepoteza cheti vitani aje pia, akikumbuka jina la shule na mwaka wa mtihani.