Kwale wa Msituni na Wajibu wa Mwindaji

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi askari wa majeshi na wa polisi mlioko malindoni wakati huu, mazungumzo yetu ya leo yanahusu ndege. Huenda mmoja wenu akauliza: askari mwenye mpaka wa kulinda na zamu ya usiku ana haja gani na habari za ndege? Jawabu ni kwamba ndege tunayemzungumzia anaishi pale pale mnapopita doria, na kitu kinachommaliza ni kitanzi ambacho mara nyingi mguu wa askari ndio wa kwanza kukigundua.

Sekta ya Bugeshi, katika wilaya ya Rubavu iliyokuwa zamani sehemu ya mkoa wa Gisenyi, iko chini ya mlima Karisimbi wenye urefu wa meta 4,507. Upande mmoja ni mashamba ya viazi na pareto, upande wa pili ni msitu wa Hifadhi ya Taifa ya Volkano, na magharibi ni mpaka wa Kongo, ambako ng'ambo yake iko Hifadhi ya Virunga. Katika mianzi na vichaka vizito vya milima hiyo anaishi kwale wa milimani. Ni ndege wa kadiri ya kuku mdogo, mwenye rangi ya hudhurungi iliyoiva, kichwa cha kijivujivu, na mdomo na miguu myekundu. Hulia alfajiri na jioni, na kwa kuwa hupenda kujificha, husikika zaidi kuliko anavyoonekana. Duniani kote hapatikani isipokuwa katika milima ya Bonde la Ufa la Magharibi, yaani mashariki ya Kongo, magharibi ya Uganda, Rwanda na Burundi. Akitoweka hapa, hakuna nchi nyingine tutakayoweza kumwazima.

Kwale ni wa ukoo mmoja na kuku, tausi na yule ndege wa Asia aitwaye fesanti, ambaye alipelekwa Ulaya na Marekani kwa ajili ya uwindaji. Ndege wa ukoo huu wana tabia moja inayowaponza: hutaga mayai ardhini, na hutembea kwa miguu katika njia zile zile kila siku. Wamepungua katika nchi nyingi, na sababu za kupungua kwao ni tatu.

Sababu ya kwanza ni ardhi. Mwishoni mwa miaka ya 1960, karibu hekta 10,000 za hifadhi hii ya volkano zilikatwa ili kupanda pareto kwa ajili ya soko la nje. Leo hifadhi yote upande wa Rwanda ina kilometa za mraba zipatazo 160 tu, na ukuta wa mawe unaitenganisha na mashamba ili nyati wasitoke. Hatuna budi kuelewa kwamba mkulima aliyepewa shamba hakufanya kosa. Watu wa Bugeshi ni wengi na ardhi ni kidogo. Hata hivyo, kwale wa msituni hawezi kuhamia katika shamba la viazi. Msitu ukipungua, naye hupungua.

Sababu ya pili ni chakula cha vifaranga. Kwale mkubwa hula mbegu, mizizi na majani, lakini kifaranga chake katika majuma ya kwanza huhitaji wadudu, maana bila wadudu hakui. Huko Uingereza, kwale wa mashambani wamepungua kwa zaidi ya asilimia 90 tangu mwaka 1967. Wataalamu walipochunguza waligundua kwamba kosa kubwa halikuwa la bunduki. Dawa za kuulia magugu zilikuwa zimeondoa mimea ambayo wadudu huishi juu yake, na vifaranga vikafa njaa katikati ya ngano iliyostawi. Funzo hili linawafaa wakulima wa kila mahali: ukanda wa majani ulioachwa kando ya shamba bila kufyekwa, bila kuchomwa na bila kupuliziwa dawa, ni ghala la chakula cha ndege.

Sababu ya tatu, ambayo ndiyo inayowahusu zaidi askari na polisi, ni mtego wa kitanzi. Kamba au waya hufungwa kwenye mti uliopindwa, na mnyama akikanyaga, mti hufyatuka. Mtegaji huutega kwa ajili ya funo au pongo, au hupanga matawi kama uzio mfupi na kuacha mianya yenye vitanzi kwa ajili ya kwale. Wahenga walisema kwamba mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo. Mwaka 2012, katika hifadhi hii, mtoto wa sokwe wa milimani alikufa kwa kitanzi ambacho hakikuwa kimetegwa kwa ajili yake. Siku chache baadaye, sokwe wawili wachanga wa kundi lile lile walionekana wakivunja mti wa mtego na kufungua kamba yake kwa mikono yao. Ikiwa mnyama ameutambua mtego kuwa adui, sisi binadamu tuna udhuru gani?

Tofauti kati ya mwindaji wa bunduki na kitanzi yafaa ieleweke vizuri. Mwindaji huona anachokipiga, naye anaweza kuacha. Kitanzi hakichagui jike wala dume, hakijui majira, na hakilali. Tuchukulie kwamba jike mmoja anaatamia mayai matano. Akinaswa asubuhi anapotoka kutafuta chakula, mtegaji hupata kitoweo cha mlo mmoja, na taifa hupoteza kwale sita. Ikiwa mtegaji amesahau mahali alipotega, nyama huoza na hakuna aliyefaidika. Bandu bandu huisha gogo.

Katika baadhi ya majimbo ya Marekani, sheria humruhusu mwindaji wa fesanti kupiga majogoo tu. Jogoo mmoja wa fesanti huwa na majike wengi, hivyo majogoo wachache wakibaki, vifaranga haviathiriki. Kwa kwale jambo hilo haliwezekani, kwa kuwa dume na jike huishi wawili wawili, nao hufanana sana kwa rangi. Kwa hiyo kanuni ya ugenini haiwezi kuchukuliwa hivi hivi. Penye sheria inayoruhusu uwindaji wa ndege, mwindaji wa kwale hulinda akiba yake kwa kushika majira: hawindi wakati wa kutaga na kulea, hapigi ndege mwenye vifaranga, wala hazidi hesabu iliyoandikwa katika kibali chake. Hapa Rwanda, ndani ya hifadhi ya taifa, sheria hairuhusu kuwinda wala kutega kabisa.

Je, mtu aliyelelewa katika uwindaji hana tena la kufanya? Analo, tena kubwa. Mwaka 1913, mtaalamu wa Marekani James Chapin aliona huko Ituri, mashariki ya Kongo, unyoya mmoja katika kofia ya mwenyeji, asiweze kuutambua. Ilimchukua hadi mwaka 1936 kuthibitisha kwamba ulikuwa wa tausi wa Kongo, ndege asiyejulikana katika vitabu. Mwaka 1991, katika milima ya Udzungwa nchini Tanzania, watafiti waliokuwa wamekula kitoweo cha ndege kambini waliona miguu iliyobaki katika sufuria, na kumbe ilikuwa ya kwale mgeni kabisa kwa sayansi. Ndugu zake wa karibu wako Asia, naye alitangazwa rasmi mwaka 1994. Katika habari zote mbili, wenyeji na wawindaji walimjua ndege kabla ya mtaalamu.

Elimu hiyo ndiyo inayotakiwa leo. Mtu anayejua sauti ya kwale alfajiri anaweza kuwahesabu bila kumuua hata mmoja. Anayejua mahali mitego inapotegwa anaweza kuwaongoza walinzi wa hifadhi kuiondoa. Mfano wa korongo mwenye taji, aitwaye umusambi, unatupa moyo. Ndege hao walikuwa wakikamatwa na kufugwa katika nyua za majumba na hoteli. Kuanzia mwaka 2014 wenye kuwafuga waliombwa kuwatoa kwa hiari bila kushtakiwa, na wengi waliitikia. Hesabu ya nchi nzima ya mwaka 2017 ilipata korongo 487. Miaka michache baadaye walizidi 1,000. Korongo si kwale, lakini njia ni ile ile: kuhesabu, kueleza, na kumfanya mwananchi awe mlinzi.

Aidha, haifai kumwambia mtu mwenye njaa aache mtego bila kumwonyesha njia nyingine. Tangu mwaka 2017, asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi za taifa za Rwanda hutengwa kwa ajili ya jamii zinazoishi jirani nazo. Fedha hizo zikijenga shule, zikileta maji, au zikimpatia mtegaji wa jana kuku, sungura na kanga wa kufuga, basi kila mwananchi ataona faida ya msitu kwa macho yake.

Sasa tuseme na askari na polisi waziwazi. Kwanza, nyama ya porini isiingie kambini. Mtegaji hutega kwa sababu yuko anayenunua, na sare inaponunua, mwananchi huamini kwamba sheria imelala. Pili, risasi ya serikali si ya kuwindia. Kila moja ina hesabu yake. Tatu, ukikuta mtego, usiupite na usiukate na kuacha kamba palepale, kwa maana kesho itafungwa tena. Ufungue, uchukue kamba au waya, ukumbuke mahali, na uwape taarifa walinzi wa hifadhi. Mtego mmoja haukai peke yake; tazama kushoto na kulia. Nne, mtu akikamatwa, afikishwe mbele ya sheria bila kupigwa wala kudhalilishwa. Maskini aliyetega kwa ajili ya watoto wake na mchuuzi anayekusanya nyama kwa wategaji kumi hawana uzito mmoja, na upelelezi mzuri humfikia huyo wa pili.

Ndugu wasikilizaji, kwale hatambui mpaka. Hulia asubuhi upande wa Rwanda, na jioni husikika upande wa Kongo. Wako vijana wanaolala macho ili watu wa Bugeshi walime kwa amani, na asubuhi husikia mlio huo kabla ya kengele ya kubadilishana zamu. Watakaoshika malindo hayo miaka 20 ijayo wataukuta mlio huo, au watakuta kimya, kwa kadiri ya kazi tutakayoifanya sisi leo.