Mbuzi, Ndege na Waridi: Chimbuko la Siku ya Wapendanao

Siku ya Wapendanao, ambayo wengi huiita Valentaini, huadhimishwa kila tarehe 14 Februari. Alama zake leo ni waridi, kadi na nguo nyekundu. Ukiifuatilia hadi Roma ya kale, hata hivyo, utakayemkuta mlangoni ni mbuzi.

Warumi walikuwa na sikukuu ya Luperkalia, tarehe 15 Februari. Makuhani walichinja mbuzi na mbwa, kisha vijana waliikata ngozi ya mbuzi vipande virefu, wakakimbia karibu uchi wakimchapa kila waliyekutana naye. Wanawake wengi hawakukwepa, bali walinyoosha viganja wachapwe, wakiamini watapata watoto na kujifungua salama. Mwaka 44 KK hata Marko Antonio, aliyekuwa konsuli, alitimua mbio na vijana hao. Husemwa sana kwamba Valentaini ilizaliwa hapo, lakini ushahidi haupo. Kilichopo ni tarehe kukaribiana.

Jina la siku lilitoka kwa Mtakatifu Valentino, na mapokeo yana Valentino wawili: padri wa Roma na askofu wa Terni. Kisa cha kwamba padri huyo alifungisha ndoa kwa siri kilisimuliwa karne nyingi baadaye. Mwaka 1969 Kanisa Katoliki liliiondoa sikukuu ya Mtakatifu Valentino katika kalenda yake ya jumla, kwa kuwa habari za hakika juu yake ni chache mno.

Mapenzi yaliletwa na ndege. Mwishoni mwa karne ya 14, mshairi Mwingereza Geoffrey Chaucer alitunga shairi ambamo ndege wanakutana siku ya Valentino kuchagua wenzi. Mtu wa Kwakoa, katika tambarare za Wilaya ya Mwanga chini ya Milima ya Upare, hahitaji kuelezwa sana jambo hilo. Mvua zikinyesha, mnana dume husuka kiota cha nyasi mbichi, kisha huning'inia chini yake akipiga mbawa kumwita jike. Jike huingia na kukagua. Asiporidhika, huondoka, na dume mara nyingi hukifumua kiota akaanza upya.

Binadamu walichukua njia ya karatasi. Uingereza iliposhusha gharama ya barua hadi peni moja mwaka 1840, kadi za wapenzi zilifurika posta. Muda mfupi baadaye, Esther Howland wa Worcester, Marekani, alianza biashara ya kadi zilizopambwa kwa lesi.

Waridi ndilo lililoiingiza Afrika Mashariki katika hadithi hii. Februari kuna baridi kali Ulaya, wakati Naivasha, Kenya, mita zipatazo 1,900 juu ya usawa wa bahari, ina jua la kutosha na usiku wa ubaridi. Ua hukua polepole na kunenepa, hukatwa, huwekwa penye ubaridi, kisha husafirishwa kwa ndege hadi Ulaya. Mashamba ya Arusha nayo hulima maua ya kuuza nje.

Kwakoa ni nchi ya joto na mifugo, na waridi lililokatwa halichelewi kunyauka. Mbuzi, aliyechinjwa Roma ili wanawake wapate uzazi, kwa Wapare yumo katika mahari: hupelekwa na upande wa mume kwa wazazi wa binti, koo mbili zikawa ndugu.