MAKTABA YA MTAANI KWAKO NI SEHEMU YA AFYA YAKO

Leo nataka tuzungumzie sehemu ambayo wengi wetu tunaipita kila siku tukienda kazini bila kuingia, nayo ni maktaba ya umma. Najua utajiuliza, nesi na maktaba wapi na wapi? Subiri kidogo.

Mzee mmoja mwenzetu, wa miaka sitini na kitu, alikuja kliniki kwa ajili ya presha. Alikuwa ameagizwa ajipime nyumbani siku 7, asubuhi na jioni, na kuandika majibu kwenye karatasi. Karatasi aliileta imejaa, lakini kila mstari ulikuwa na 120/80. Nikashtuka, maana presha ya binadamu hupanda na kushuka, haiwezi kuwa ileile wiki nzima. Nilipompima mimi ilikuwa 178/104. Nikamuuliza taratibu kwa Kiswahili. Akainamisha kichwa, akasema, "Mwanangu, hiyo mashine ningeipata wapi? Niliona haya kusema sina."

Fikiria, kama ile karatasi ingeaminiwa, mzee angerudi nyumbani na dawa zilezile, na presha ya namna hiyo ikiachwa ndiyo inayoleta kiharusi. Na kumbe mashine za kuazima bure zilikuwepo, kwenye maktaba ya mtaani kwake!

MAKTABA INA NINI ZAIDI YA VITABU?

Kwa England na Wales, sheria ya mwaka 1964 inazitaka halmashauri ziwe na huduma ya maktaba, na kuazima vitabu ni bure. Huduma nyingine hutofautiana kutoka halmashauri moja hadi nyingine, kwa hiyo uliza ya kwako. Hizi ndizo zinazotuhusu zaidi:

1. Mashine za presha. Baadhi ya maktaba huazimisha mashine za kupimia presha kama wanavyoazimisha kitabu. Ukiipata, kaa kitini dakika 5 bila kuongea, miguu ikanyage chini, mkono uwe juu ya meza. Usivute sigara wala kunywa kahawa nusu saa kabla ya kupima. Andika namba unayoiona, hata kama hukuipenda. Kwa wengi walio chini ya miaka 80, kipimo cha nyumbani kinatakiwa kiwe chini ya 135/85.

2. Vitabu vya afya. Mpango unaoitwa Reading Well ulianza England mwaka 2013. Wataalamu wa afya husaidia kuchagua vitabu kuhusu wasiwasi, huzuni isiyoisha, usingizi na ugonjwa wa kusahau, kisha vinawekwa maktaba. Daktari anaweza kukushauri kitabu, lakini hata bila daktari unaweza kuazima mwenyewe. Sisi kwetu mambo ya akili tunayaficha, tunasema ni mawazo tu. Kitabu unakisoma peke yako na hakuna atakayejua.

3. Mama na watoto. Maktaba nyingi zina vipindi vya nyimbo na hadithi kwa watoto wachanga, na mara nyingi havilipiwi. Kwetu mtoto akizaliwa nyumba hujaa mashangazi na majirani, huku mama anabaki na kuta nne, baba yuko shifti. Upweke wa aina hiyo huchangia sonona baada ya kujifungua. Nusu saa ya kukaa na mama wenzako si kupoteza muda. Uliza pia kuhusu vitabu vya bure vya Bookstart, mpango ulioanza Birmingham mwaka 1992.

4. Kompyuta na intaneti. Siku hizi miadi, majibu ya vipimo na maombi ya dawa vimehamia kwenye mtandao. Kama huna kompyuta, maktaba inazo, na wafanyakazi watakuonyesha pa kuanzia. Unaweza pia kujaza maombi ya kujiandikisha kwa daktari wa familia. Kumbuka kwamba England, kujiandikisha kwa daktari hakuhitaji kuonyesha viza wala pasipoti. Ukimaliza, hakikisha umefunga ukurasa wako kabla ya kuondoka.

5. Lugha. Baadhi ya maktaba zina vikundi vya mazungumzo ya Kiingereza. Ukiweza kueleza mwenyewe maumivu yako yako wapi na yalianza lini, daktari atakusaidia haraka zaidi. Mpaka utakapofika hapo, omba mkalimani, ni bure. Usimfanye mtoto wako mkalimani wa ugonjwa wako.

KUJIUNGA

Kwa kawaida utaulizwa jina na anwani, na halmashauri nyingi zinakubali uanze kwenye mtandao. Usiogope kwa sababu ya makaratasi, maktaba si uhamiaji. Kama huna anwani ya kudumu, waeleze hivyo hivyo, sehemu nyingi wana utaratibu wa kukusaidia. Kuingia, kukaa na kusoma hakuhitaji kadi.

Jambo moja zaidi. Tangu mwaka 2010 mamia ya maktaba nchini humu yamefungwa kwa sababu ya kubana matumizi. Halmashauri huangalia idadi ya watumiaji, kwa hiyo ukiitumia unasaidia ibaki.

TAHADHARI

Mfanyakazi wa maktaba si daktari. Presha ikisoma 180/120 au zaidi, pumzika kidogo upime tena, na ikibaki hapo piga 111 siku hiyo hiyo. Ukiona mdomo umepinda upande, mkono umelegea, maneno hayatoki vizuri au kifua kinauma, piga 999 mara moja.

Yule mzee sasa ana karatasi yenye namba za kweli, zinazopanda na kushuka, na dawa zake zimerekebishwa. Kwa hiyo ndugu yangu, wiki hii ukiwa na siku ya mapumziko ingia maktaba ya mtaani kwako, uulize wana nini. Kuuliza si ujinga.

Nawatakia afya njema. Tukutane tena panapo majaliwa.